Kabla hujanunua gari, jiulize mbwa atakaa wapi

Nimekuwa kimya wiki tatu hivi na wengine mmenitumia ujumbe kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa natafuta gari, na kwa mfuko wa mwandishi wa habari kutafuta gari ni kazi ya pili. Tena mimi sikuwa natafuta gari la kunipeleka kazini tu. Nilikuwa natafuta gari la kusafiri na mbwa.

Najua wengine mmeshacheka. Hata dalali alicheka. "Dada, gari la mbwa? Si umpakie tu kwenye buti?" Nilimwangalia bila kumjibu, maana jibu la swali lake ni refu. Nitalitoa hapa.

Mbwa wangu anaitwa Bobi. Hana ukoo wa kujivunia, ni mbwa wetu hawa hawa wa mtaani, kilo 22 kwenye mizani ya daktari wa mifugo. Ofisi imenihamishia Dodoma, na mimi siwezi kumwacha. Nilijaribu kwanza kuulizia basi. Kwenye ofisi moja ya mabasi niliambiwa mbwa anaruhusiwa, ila atakaa chini kwenye mizigo. Kwa hiyo jibu la basi na jibu la dalali ni lile lile: buti.

Sasa nisikilizeni.

Desemba 2022 tulikuwa tunaenda Korogwe kwenye harusi. Mjomba ndiye aliyekuwa kwenye usukani, halafu mimi, mama mdogo na wadogo zangu wawili. Nyumbani hakubaki mtu wa kumpa Bobi chakula, hivyo naye akawa msafiri. Swali likaja, atakaa wapi? Gari la mjomba ni yale ambayo buti limejitenga kabisa na siti. Mama mdogo anaswali swala tano na hakutaka mate ya mbwa kwenye nguo zake. Mjomba akasema, "Mtie kwenye buti mwanangu, safari yenyewe siyo ndefu." Nikamtia. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikamtandikia na kanga kuukuu, nikaona nimemfanyia wema.

Tulitoka Dar saa nne asubuhi. Kimara foleni, Mbezi foleni, Kibaha tukasimama kujaza mafuta, Mlandizi tukakuta lori limeharibika katikati ya barabara. Ndani kiyoyozi kinapuliza na muziki unalia. Mwanzoni tulikuwa tunamsikia Bobi akikwaruza. Baada ya Kibaha akanyamaza, na mdogo wangu akasema amelala. Tulifika Chalinze saa saba kasoro. Nikaenda nyuma kufungua buti nimpe maji.

Hakuwa amelala. Alikuwa amelala ubavu kwa kulegea, ulimi umetoka nje na umegeuka kama zambarau, mdomoni ana mate mazito kama ute, macho yananitazama lakini hayanioni. Mimi nilisimama pale nikapiga kelele tu. Mama mmoja aliyekuwa anauza maji ndiye aliyenisukuma pembeni, akamvuta Bobi mpaka kivulini, akaanza kummwagia maji tumboni na miguuni, chupa baada ya chupa, bila kuuliza nani atalipa. Mjomba akachana boksi akawa anampepea. Mama mdogo, yule yule aliyekuwa anahofia nguo zake, alikuwa amesimama analia. Baada ya kama nusu saa Bobi akanyanyua kichwa.

Alipona. Lakini tangu siku ile akisikia buti la gari linafunguliwa, hata la jirani, anakimbilia chini ya kitanda changu. Na mimi tangu siku ile najua kwamba nusura nimuue mbwa wangu kwa kutojiuliza swali moja dogo.

Baadaye daktari wa mifugo alinieleza kilichotokea, na nikienda kusoma nikakuta ndivyo ilivyo. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Anatoa kidogo sana kwenye nyayo. Kazi kubwa ya kujipoza anaifanya kwa kuhema: ulimi nje, pumzi za haraka haraka, maji yanakauka kwenye ulimi na njia ya hewa, na joto linaondoka nayo. Ili hilo lifanye kazi anahitaji hewa inayotembea na iliyo kavu kiasi. Mfungie kwenye boksi la bati, baada ya muda hewa yote ni joto na unyevu wa pumzi yake mwenyewe. Anahema zaidi, na kuhema kwenyewe kunampandisha joto zaidi. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi. Likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika.

Na usidhani tatizo ni buti peke yake. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha kwenye jarida la madaktari wa watoto matokeo ya kupima gari lililoegeshwa juani, siku ambazo joto la nje lilikuwa kati ya nyuzi 22 na 36. Ndani ya saa moja joto la ndani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22. Asilimia 80 ya hilo ongezeko ilitokea ndani ya dakika 30 za mwanzo. Kuacha vioo wazi kidogo hakukusaidia kitu cha maana. Sasa wewe chukua mchana wa Dar wa nyuzi 32, ongeza hizo 22. Ile "naingia benki mara moja, nimemwachia kioo kidogo" ndiyo hiyo. Na ndivyo ilivyo kwa mtoto pia, msisahau.

Kwa hiyo jambo la kwanza kuliangalia kwenye gari la kusafiri na mbwa ni hewa. Siyo ukubwa wa injini, siyo rimu, siyo kama gari lina heshima. Sehemu atakayokaa iwe chumba kimoja na ninyi, hewa mnayovuta ninyi ndiyo anayovuta yeye. Magari yenye buti la kujitenga yanatoka kwenye orodha hapo hapo, labda kama uko tayari kumpa siti ya nyuma. Yanabaki yale ambayo mlango wa nyuma unafungua sehemu ya mizigo iliyo wazi mpaka kwenye siti: IST, Raum, Spacio, Probox, Noah, RAV4, Forester na ndugu zao.

Halafu usiamini maneno ya dalali kuhusu kiyoyozi. Kiyoyozi kikali mbele kinaweza kisifike nyuma kabisa. Kuna namna moja tu ya kujua. Saa nane mchana, gari likiwa limewashwa na kiyoyozi kinafanya kazi, ingia ukae pale pale atakapokaa mbwa, kwa robo saa. Mimi nilikaa. Watu wa yadi waliitana kuja kuniangalia. Lakini niligundua gari moja zuri sana ambalo mbele unahisi baridi na nyuma unatoka jasho, na jua la kioo cha nyuma linakupiga kisogoni. Gari hilo nililiacha.

Jambo la pili ni breki. Hapa naomba hata wale wasiopenda mbwa wabaki, kwa sababu hili linawahusu. Kikomo cha mwendo kwenye makazi ya watu ni kilomita 50 kwa saa. Gari likigonga na kusimama ghafla kwa mwendo huo, kila kitu ambacho hakijafungwa kinaendelea mbele na mwendo ule ule. Fanya hesabu ya kidato cha tatu: nguvu yake ni sawa na kitu kilichoanguka kutoka mita 10 hivi, yaani kama ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 80 kwa saa ni mita 25, kama ghorofa ya nane. Sasa fikiria kilo 22 za Bobi zinatoka ghorofa ya nane na kukupiga kisogoni. Yeye atakufa, na wewe inawezekana ukafuatana naye. Na hata bila kugonga, mbwa aliyeachwa huru anaweza kuingia miguuni mwa dereva na kulala kwenye pedali ya breki. Hapo hakuna aliye salama, pamoja na yule mwenda kwa miguu kwenye pundamilia.

Uingereza wameliandika wazi kwenye kitabu chao cha kanuni za barabarani, kanuni ya 57: mbwa ndani ya gari afungwe au atengwe ili asimsumbue dereva na asiumie wala kuumiza mtu gari likisimama ghafla. Sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inataka mnyama asiteswe, na safarini pia. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, hesabu ya ghorofa ya nane ipo pale pale.

Kwa hiyo ukiangalia gari, angalia utamfunga wapi. Kama atakaa siti ya nyuma, anunuliwe mkanda unaozunguka kifua, kisha huo uunganishwe na mkanda wa siti. Usimfunge kwa mnyororo wa shingoni, breki moja tu utamvunja shingo. Kama atakaa sehemu ya mizigo, angalia kama sakafuni na ukutani kuna vyuma vya kufungia mizigo. Hivyo ndivyo vitakavyoshika kizimba au wavu. Wavu wa kamba uliofungwa kwa fundo juu ya siti ni pambo. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, akutengenezee wavu wa nondo nyembamba unaokazwa kwa bolti kwenye bodi, ncha zote zikafunikwe kwa mpira. Siti ya mbele usimweke kabisa, ule mfuko wa hewa wa usalama umetengenezwa kwa ajili ya kifua cha mtu mzima. Na kwenye pikapu, nyuma kule wazi, hapana. Bati linaungua, vumbi linaingia machoni, na akiona mbuzi pembeni ya barabara ataruka.

Jambo la tatu ni miguu yake. Mbwa mwenye miaka miwili anaruka popote. Bobi ana miaka minane sasa, na magoti ya nyuma yameanza kumsumbua. Magari marefu kwenda juu, yale ambayo mjini ndiyo yanakupa heshima, kwake ni kupanda mlima na kushuka kwa kuanguka. Utakuwa unambeba. Kilo 22, mara nne kwa safari, juani. Sakafu iwe chini na iwe bapa, na uitandike mpira usioteleza, maana mbwa anayeteleza kila kona anaogopa, na mbwa mwenye woga anatapika.

Jambo la nne ndilo ambalo vitabu vya wazungu havikuandikii. Ni abiria wengine. Mwaka 2009 Honda ya Marekani ilionyesha toleo la gari lao la Element lililotengenezwa kwa ajili ya mbwa, lina kitanda chake, feni yake, ngazi ya kupandia na mazulia yenye picha za mifupa. Nzuri sana. Lakini sisi kwenye gari moja tunapanda mbwa, mtoto, gunia la mchele na mama mdogo anayetaka kuswali adhuhuri njiani. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani wanayafuata, mate ya mbwa ni najisi. Kilichoguswa kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Zamani nilikuwa nalichukulia hili kama usumbufu wa mama mdogo. Siku hizi naliona tofauti. Yeye alikuwa na haki ya kutotaka kukaa na mbwa, na Bobi alikuwa na haki ya kupumua. Kosa lilikuwa la kuchagua gari lisiloweza kuwapa wote wawili haki zao, halafu sisi tukaamua kwamba haki ya kupumua ndiyo ipunguzwe.

Haya, turudi kwenye yadi. Jumamosi moja nilikwenda na Bobi. Dalali aliruka nyuma hatua tatu. "Dada, mshike! Mshike huyo!" Nilimshika. Gari la kwanza alilotuonyesha lilikuwa na buti. Alipolifungua tu, Bobi akakaa chini, masikio nyuma, na hakuna mnyororo ambao ungemnyanyua. La pili lilikuwa refu, zuri, jeusi. Bobi akaweka miguu miwili ya mbele juu, akageuka kuniangalia kama anayesema, haya, maliza kazi. La tatu ilikuwa Raum ya toleo la pili, lile lililotoka 2003.

Raum wengi mnaiona ni gari la wazee. Jina lenyewe kwa Kijerumani ni nafasi. Upande wa kushoto mlango wa nyuma unasukumwa kama wa Hiace, na katikati ya mlango wa mbele na wa nyuma hakuna nguzo iliyosimama, kwa hiyo ukifungua yote unapata uwazi kama mlango wa duka. Sakafu iko chini na ni bapa. Na kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto, mbwa anashukia upande wa nyasi, siyo upande wa malori. Bobi alinusa kizingiti, akanusa siti, akaingia mwenyewe bila kusukumwa, akajizungusha mara mbili na kulala. Dalali akasema, "Basi mteja ameshaamua."

Mteja hakuamua peke yake. Nilikaa nyuma robo saa yangu na kiyoyozi kikafika. Fundi wangu akalipitia chini na juu. Nina malalamiko pia, siyo kwamba gari hili ni malaika: liko chini, na kwa mitaa yenye makorongo litanigharimu. Ungekuwa unakaa shamba, ningekuambia kitu kilicho juu zaidi na utengeneze ngazi ya mbao ya kupandia mbwa. Probox nayo nusura inichukue, ile sakafu ya mizigo ni bapa na ndefu, ila ni gari la kazi, ukiwa huna mzigo linakurusha kwenye barabara mbovu. Kila mtu na mbwa wake. Mwenye mbwa wa kilo sita IST inamtosha, akamfunge kwenye siti ya nyuma.

Najua kuna atakayesema, watoto wanakaa chini shuleni na wewe unaandika maneno elfu mbili juu ya siti ya mbwa. Nimelifikiria sana hilo. Ninavyoona, hizi huruma mbili hazigombanii sahani moja. Hakuna dawati hata moja lililopatikana kwa sababu Bobi alifungiwa kwenye buti. Halafu tuseme ukweli, tunawafuga hawa ili wakeshe sisi tukiwa tumelala. Usiku mbwa ni mlinzi, asubuhi ya safari anageuka mzigo. Mimi nimemwona mzigo huo ukihema Chalinze, siwezi tena kujifanya sielewi.

Basi, wewe mwenye mbwa na safari ya Desemba, fanya haya machache. Asile sana, chakula kidogo saa tatu au nne kabla ya kuondoka. Chukua cheti chake cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Beba maji yake, na kila baada ya saa mbili simama, mfunge mnyororo kwanza ndiyo ufungue mlango. Asitoe kichwa dirishani, bodaboda hawana simile. Ukimwona anahema kupita kiasi, amelegea na ulimi umebadilika rangi, usikimbilie kwa daktari kabla hujampoza. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, ndipo umkimbize.

Wiki iliyopita nilimpitia mama mdogo nimpeleke Kibaha. Alifungua mlango wa mbele, akachungulia nyuma, akaona wavu, akaona Bobi amelala upande wa pili kwenye mpira wake. Akautikisa wavu kwa mkono kuona kama umekaza. Kisha akakaa, akafunga mkanda, akaweka mtandio vizuri.

"Haya, twende," akasema. "Yeye yuko kwake na mimi niko kwangu."

Tulipofika Mlandizi ndipo tulipogundua kwamba Kibaha tumeipita kwa sababu ya maongezi.

Nawasilisha.